Ikombe: Jumamosi ya vyungu, jioni ya mpira

Jumamosi asubuhi jua huchelewa kufika Lyulilo. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, na hata baada ya kwingine Kyela kupambazuka, ufuko huu mdogo ulio jirani na Matema hubaki kivulini kwa muda. Ni katika kivuli hicho mitumbwi hutokea ikiambaa na mlima, imezama hadi karibu na ukingo, imejaa vyungu. Vimepangwa vikubwa chini na vidogo juu, nyasi zimeshindiliwa katikati ili visigongane. Mpiga kasia hana haraka. Wimbi moja baya linatosha kumaliza kazi ya wiki nzima.

Vyungu hivyo vinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa. Mnada wa Lyulilo ndio unaowakutanisha wafinyanzi na wanunuzi kutoka Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Mchuuzi anainama, anagonga chungu kwa kidole, anasikiliza. Kinacholia kama kengele ni kizima. Kinachotoa sauti butu kina ufa, hata kama jicho haliuoni.

"Shikamoo mama. Punguza kidogo basi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kimekuja kwa maji, hakikuja kwa gari."

Mazungumzo ya namna hiyo husikika pale mpaka jua linapouvuka mlima na mchanga kuanza kuchoma. Atakayefika saa tano atakuta mabaki.

Kufika huko kutoka Mbeya si kazi ngumu kama zamani. Basi linapita Uyole, linapanda katika baridi ya Rungwe penye chai na migomba, linapita Tukuyu, kisha linaanza kushuka. Masikio huziba, makoti huvuliwa. Kyela ni bonde la joto na mvua nyingi, nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Kutoka Kikusya barabara inakwenda Ipinda hadi Matema, na hapo gari linakuwa limefika mwisho wa uwezo wake. Kwenda Ikombe, njia ya kawaida ni maji, au njia ya miguu inayopanda na kushuka ubavuni mwa mlima.

Ukiwa ndani ya mtumbwi ndipo unapoelewa mahali hapa. Uso wa ziwa uko karibu meta 475 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha milima iliyo juu ya kichwa chako kinapita meta 2,000. Chini ya maji mteremko unaendelea vilevile; Ziwa Nyasa lina kina cha takriban meta 700 katika sehemu zake za ndani zaidi. Ardhi tambarare ya kulima ni kidogo mno. Watu wa bondeni Kyela wana mpunga na kakao. Watu wa Ikombe wana samaki na udongo.

Ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Udongo huchimbwa, hupondwa, huondolewa kokoto, hukandwa mpaka ulainike kama unga wa chapati. Mfinyanzi huketi chini, chungu kikiwa juu ya kigae au chombo kipana kinachozungushwa kwa mkono, na ukuta wa chungu hupanda taratibu kati ya vidole. Kikishasimama hukaushwa, husuguliwa hadi king'ae, hupambwa, kisha huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Hapo ndipo penye roho mkononi. Chungu chenye unyevu ndani ya ukuta wake hupasuka motoni, na kikipasuka huweza kumpasua jirani yake. Kwa hiyo mvua za Kyela, zinazomfurahisha mwenye mpunga, humtia wasiwasi mfinyanzi. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mtanzania S.A.C. Waane aliandika makala ya kitaalamu kuhusu ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe. Kazi hiyo inasomwa hadi leo na wataalamu wa mambo ya kale, ingawa mama anayekanda udongo hana sababu ya kuisoma.

Ikombe haikuwa kijiji kilichojificha siku zote. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo hapa katika miaka ya 1890, na Wajerumani walijenga boma lao la Langenburg jirani, upande wa Lumbila, kabla ya kulihamishia huko juu ambako leo ni Tukuyu. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 ndio uliozaa ubishi wa mpaka ambao Tanzania na Malawi hawajaumaliza. Kwa madai ya Malawi, mama wa Ikombe akiingiza miguu ziwani kuosha udongo amevuka mpaka. Yeye anaendelea kuosha.

Sasa, siku za mwisho wa wiki Matema hupokea wageni wa aina nyingine. Ni watumishi: walimu, makarani, watu wa benki, manesi, vijana wa kampuni za simu. Wanatoka Mbeya na Tukuyu kuja kuogelea na kula samaki. Jumamosi wanatembea hadi Lyulilo, wanaona vyungu vinavyouzwa kwa bei ambayo mjini hununulia soda chache na chipsi, na akili inaanza kupiga hesabu. Hapa ndipo barua nyingi za kuacha kazi huanza kuandikwa kichwani, mtu amekaa kwenye mchanga, maji ya baridi mkononi, na Jumatatu ikionekana kama adui.

Ndoto yenyewe si ya kuchekwa. Kuna watu waliofungwa na mshahara usiofika tarehe 15, bosi asiyesalimia, na safari ya daladala asubuhi na jioni. Kwao neno kujiajiri lina harufu ya uhuru. Lakini ziwa zuri ni mshauri mbaya wa mahesabu.

Chukua mfano wa kijana anayelipwa shilingi 450,000 kwa mwezi. Ananunua vyungu 60 kwa shilingi 3,000 kila kimoja. Hiyo ni shilingi 180,000. Usafiri hadi Mbeya tuufanye 60,000. Njiani na sokoni vinavunjika tisa, na mtu anayevunja tisa katika 60 ana mikono mizuri. Anabaki na 51, anauza kwa 6,000, anapata 306,000. Toa mtaji na usafiri, inabaki 66,000. Toa tena ushuru, chakula na kulala, tuseme 26,000. Mkononi ana 40,000. Mnada ni mara moja kwa wiki, kwa hiyo kwa mwezi, kama vyote vimekwisha kila wiki, ni 160,000. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake, lakini asisahau kuweka vile tisa.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ya hesabu hailioneshi. Chungu kizuri hakiishi haraka. Mama aliyenunua chungu cha maharage Mwanjelwa leo hatarudi wiki ijayo kununua kingine. Dagaa wa Nyasa, wale wanaoitwa usipa, huliwa leo na kutafutwa kesho. Ndiyo maana wachuuzi wazoefu wa ukanda huu hubeba dagaa, mchele wa Kyela, mafuta ya mawese, na vyungu vichache juu yake. Mgeni aliyependa vyungu kwa sababu ni vizuri machoni hujikuta na chumba kilichojaa vitu vizuri machoni.

Na wengi wanaposimulia safari zao za ujasiriamali husahau kumtaja aliyekuwa amelala kitanda kimoja nao usiku ule kabla ya barua kupelekwa. Wapo wanaume, na siku hizi wanawake pia, wanaoacha kazi kwanza na kusema nyumbani baadaye. Wanaita ujasiri. Mke anajua siku anapokwenda hospitali na mtoto na kuambiwa kadi ya bima haifanyi kazi tena. Mume anajua siku mwenye nyumba anapokuja kuchukua kodi ya miezi sita na mkewe anaanza kutazama chini. Fedha inaweza kutafutwa tena. Kurudisha neno la mtu aliyefichwa jambo kubwa kama hilo ni kazi ya miaka.

Sheria nayo ina mambo yake. Anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa taarifa ya siku 28 kabla ya kuondoka, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Fao la kukosa ajira katika mifuko ya hifadhi ya jamii halikuwekwa kwa ajili ya aliyeondoka kwa hiari yake. Anayetarajia kuchota akiba yake yote ya uzeeni iwe mtaji wa duka aende kwanza akaulize dirishani, tena aende na mwenzake, wasikie wote wawili.

Mara nyingi vijana humtaja marehemu Reginald Mengi kama mtu aliyeacha mshahara akawa tajiri. Ni kweli, lakini hadithi hiyo husimuliwa kwa kuruka katikati. Mengi alikuwa mhasibu katika kampuni ya Coopers & Lybrand, akafika ngazi ya juu kabisa ya uongozi wake hapa nchini. Biashara yake ya kuunganisha kalamu ilianza katika miaka ya 1980 akiwa bado na kazi hiyo, na aliiacha kazi mwaka 1989, kalamu zikiwa zimeshamlipa. Miaka kadhaa alikuwa mwajiriwa na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, amechoka mara mbili. Sehemu hiyo ya uchovu haipendezi kwenye semina za kuhamasisha, kwa hiyo huachwa.

Mwanamke wa Ikombe anaweza kumshangaa mgeni anayezungumzia kuacha kazi ili ajiajiri. Yeye hakuwahi kuwa na pa kuacha. Hana likizo ya uzazi isipokuwa ile anayopewa na dada zake, hana pensheni, na afisa ugavi wake ni mlima. Anachokijua ni gharama ya kila kilichovunjika, kwa sababu kila kilichovunjika alikifinyanga mwenyewe. Kwake swali gumu ni jingine: fedha ya mnada ikirudi nyumbani inaingia mkono wa nani? Aliyefinyanga ni mke. Aliyepiga kasia huenda ni mume au kaka. Kuni zilikatwa na watoto. Kila nyumba inajibu kwa namna yake, na katika majibu hayo ndimo amani ya ndoa ilimo au haimo. Nyumba ambayo mume anahesabu fedha ya vyungu kama yake, na fedha ya samaki kama yake pia, haiwezi kukaa kimya muda mrefu.

Serikali imeweka mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka uliofuata. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi, na kikundi ni watu. Kikundi cha wafinyanzi kikipata mtaji wa boti ya kufikisha vyungu salama, kila mmoja atanufaika. Kikikopa kisha mmoja akatoweka na fungu lake, wengine watalipa na ujirani utakufa. Ndiyo maana akina mama wengi huanza na VICOBA, wajuane kwanza kwa shilingi elfu mbili mbili.

Jioni inapofika, mambo ya fedha yanawekwa kando. Upepo umetulia, wavuvi wa usiku wanapanga taa zao, na vijana wanatafuta penye televisheni. Kama Simba na Yanga wanacheza, hakuna haja ya kuuliza, fuata kelele. Ndani ya banda joto linatosha kuoka mkate. Mwenye banda naye ni mjasiriamali, na huenda hesabu zake ni nzuri kuliko za mtu wa vyungu: bidhaa yake haivunjiki, na mteja aliyefungwa leo atarudi Jumatano kutafuta kulipiza kisasi.

Wazee wa ukanda huu wana mpira wao wa kujivunia, usiohusu Kariakoo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa mlimani, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilichukua ubingwa wa Tanzania. Waliitwa Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa. Mtu aliyekuwa kijana mwaka ule bado anaweza kukusimamisha njiani akusimulie, chungu kikiwa kichwani. Miaka mingi baadaye, msimu wa 2013/14, Mbeya City walipanda na kumaliza wa tatu katika mwaka wao wa kwanza, na watu wakadhani Banyambala wamefufuka. Ukitaka kumwelewa kijana wa Kyela anayeacha kazi kwa mbwembwe, kumbuka kwamba amelelewa na watu walioona timu ya kwao ikiwa bingwa mara tu ilipopanda. Haambiwi sana habari ya misimu iliyofuata.

Siku zisizo na mpira kuna filamu. Kizazi cha miaka ya 2000 kilikua na sauti ya Derek Mukandala, Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, akitia maelezo, vichekesho na mawaidha ambavyo mwandishi wa filamu hakuvifikiria. Mtu alibadili kipaji cha kusimulia kuwa ajira, katika nchi ambayo kila kijiji kina msimulizi asiyelipwa. Kisha zikaja filamu za Bongo, na Steven Kanumba akaingia kila sebule hadi kifo chake Aprili 2012. Nyingi zilihusu mapenzi: mke aliyesalitiwa, mume aliyepata fedha akabadilika, mama mkwe asiyeridhika. Wanawake walizitazama pamoja na kuzijadili mpaka usiku, na katika kumjadili mke wa kwenye filamu walisema mambo yao wenyewe bila kumtaja mtu.

Kukaa pamoja namna hiyo si jambo jipya Kyela. Monica Wilson na mumewe Godfrey walioishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 walikuta desturi isiyo ya kawaida: wavulana wa miaka kumi au kumi na moja waliondoka kwa wazazi wakajenga vibanda vyao, wakawa kijiji cha rika moja. Chakula walikula kwa mama zao, kwa zamu, kundi zima likienda kwa mama wa mmoja leo na wa mwingine kesho. Walikua, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Wilson alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa jina la kuishi vema na wenzako, na neno la Kinyakyusa alilolikuta midomoni mwa watu ni ukwangala, raha ya kuwa na wenzio, kuzungumza na kula nao. Hao walikuwa Wanyakyusa wa bondeni, si Wakisi wa Ikombe, lakini neno hilo limevuka. Mtu mzima aliyekaa na rika lake mbele ya banda, kimpumu katikati na mirija mkononi, anaendeleza kitu cha zamani kuliko televisheni.

Na urafiki una mitihani yake, hasa kazi inapoingia. Ziwa hili lina kisa kimoja kinachojulikana. Kabla ya vita ya 1914 nahodha Mwingereza Rhoades na nahodha Mjerumani Berndt walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Agosti 13 mwaka ule Rhoades alifika na meli yake ya Guendolen mahali panapoitwa leo Liuli, kusini ya hapa, akaipiga mizinga meli ya Berndt, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Berndt hakuwa amepata habari ya vita. Inasimuliwa kwamba alipiga kasia kwa hasira akamwendee rafiki yake, akimuuliza kama amelewa. Alichukuliwa mateka. Watu wa ziwa waliotazama huenda walijiuliza ni kazi gani hiyo.

Mchana wa Jumamosi, kabla upepo wa kusini haujaamka vizuri, mitumbwi ya Ikombe hurudi. Imekuwa myepesi na inapanda juu ya maji. Ndani mna mchele, sabuni, chumvi, madaftari ya shule, pengine kitenge. Chungu kisichouzika huachwa kwa mtu wa Lyulilo kingoje wiki ijayo, kwa sababu kukirudisha ni kukihatarisha mara mbili. Mtumishi kutoka Mbeya naye anaondoka. Amenunua kimoja tu, cha ukubwa wa kati, na fundi wa kufunga amekifunga kwa majani makavu ya mgomba. Kondakta anataka kukiweka chini kwenye buti pamoja na mchele. Anakataa. Anakipakata mapajani, Ipinda, Tukuyu, mpaka Uyole, mikono imekizunguka, na kila basi linaporuka shimo anakigonga kidogo kwa kidole na kusikiliza.